Chuo kidogo, chaguo la kwanza

Chukua vijana wawili waliosoma HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, shule moja, bweni moja. Julai imefika na Baraza la Mitihani limetoa matokeo ya kidato cha sita. Wa kwanza ana D moja na E mbili: pointi 14, daraja la tatu. Wa pili ana C, E na F: pointi 15, daraja la tatu vilevile. Mtaani pongezi zitaenda kwa wa kwanza, kwa kuwa pointi zake ni chache na hana F hata moja. Lakini mlango wa shahada uko wazi kwa wa pili, na kwa wa kwanza umefungwa.

Sababu ni kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, haiulizi daraja. Inauliza masomo mawili ya prinsipo yanayoendana na kozi inayoombwa, na alama zake inazihesabu kinyume na Baraza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Jumla ya masomo hayo mawili isipungue 4. C na E zinafika; D na E zinaishia 3. Kwa waliomaliza mwaka 2016 na kuendelea huo ndio msingi, na juu yake kila chuo huweka masharti ya kozi zake.

Hesabu hii haina siri, imo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Hata hivyo, kila msimu wapo wanaokaa nyumbani wakiamini wamefeli kumbe sifa wanazo, na wapo wanaolipia maombi vyuo vitatu vinne ilhali sifa hawana. Halafu lipo kundi la tatu, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya: vijana wenye sifa za kutosha wanaoomba vyuo kwa majina. Jaza Mlimani, jaza Dodoma, jaza Mzumbe, halafu ikibaki nafasi weka chochote. Hicho "chochote" mara nyingi ni chuo kidogo cha umma kilichoko mkoani, ambacho kijana hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja kukihusu, na ambacho pengine ndicho kilichokuwa kinamfaa kuliko vyote alivyovitanguliza.

Naamini tunakosea sana hapo. Chuo kidogo cha umma kinastahili kuombwa kwa makusudi, kikiwa cha kwanza kwenye orodha, na mtu anayejua anakifuata kwa ajili ya nini. Kinachotuzuia si ubaya wa vyuo hivyo. Ni namna taarifa zinavyoifikia familia, na saa zinapoifikia.

Tukumbuke kwamba uhuru huu wa kuchagua haukuwapo siku zote. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, kisha aingie kwa mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Kizazi kizima cha wazazi na walimu wetu kilipitia mlango huo. Baadaye ukaja wakati wa kila chuo na fomu zake za karatasi. Mwaka 2010 TCU ikaanzisha mfumo wa pamoja: mwombaji alipanga machaguo yake kwenye mfumo mmoja, na mfumo ukampangia chuo na kozi. Uliokoa nauli na usumbufu mwingi, ila ulizaa manung'uniko ya watu kupelekwa wasikotaka. Aprili 2017, akizindua mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais John Magufuli aliupinga utaratibu huo hadharani, na kuanzia msimu uliofuata waombaji wakarudi kutuma maombi chuoni moja kwa moja.

Niliunga mkono mabadiliko yale na bado nayaunga mkono. Lakini kazi iliyokuwa inafanywa na mtambo wa TCU haikutoweka, ilihamia nyumbani kwa mwombaji. Sasa ni yeye wa kujua chuo gani kina kozi gani, inataka masomo gani, ina nafasi ngapi. Ni yeye wa kufungua akaunti kila chuo, kuomba kontroo namba kila chuo na kulipa ada ya maombi kila chuo. Vyuo vingi hutoza shilingi 10,000. Kwa mfanyakazi wa mjini hiyo ni fedha ya kawaida. Kwa mama anayeuza mboga Tandahimba, Mtwara, vyuo vinne ni shilingi 40,000 zinazotoka kabla mtoto hajapata hata barua, na ndiyo maana ataziweka kwenye majina aliyowahi kuyasikia redioni. Siwezi kumlaumu.

Maombi yenyewe yanajazwa wapi? Wachache hujaza kwa simu zao. Wengi huenda steshenari. Kila mji wenye stendi una steshenari zake zenye kompyuta mbili, mashine ya kutolea kopi, na bango la karatasi lililobandikwa mlangoni: tunajaza fomu za vyuo, tunajaza mkopo. Vijana wanaofanya kazi humo wamezisaidia familia nyingi kuliko wanavyosifiwa. Hata hivyo mle ndani yanatokea mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyajua.

La kwanza ni namba ya simu. Mwombaji hana simu, au simu yake haishiki laini vizuri, basi mjazaji anaweka namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe ili kazi iende. Wiki kadhaa baadaye kijana anachaguliwa vyuo viwili. Utaratibu unasema aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu wa steshenari, ambaye siku hiyo amejaza fomu za watu wengine wengi. Muda wa kuthibitisha ni mfupi. Ukipita, nafasi imekwenda, na kijana hajui hata kama aliwahi kuipata.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cheti cha kidato cha nne kinasema Khadija, na kwenye kidato cha sita limeongezwa jina la babu. Mfumo wa chuo huchota matokeo kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, hivyo kwa chuo pekee tofauti hiyo inaweza kupita bila kelele. Inakuja kuonekana kwenye mkopo, ambako cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Kurekebisha jina kunahitaji kiapo, wakili, gharama na siku ambazo dirisha la maombi halizisubiri. Anayeanza kulishughulikia Januari analala usingizi. Anayelikuta Agosti anahangaika.

La tatu ndilo zito: chaguo lenyewe. Mjazaji anauliza, "Tuweke kozi gani?" Kijana anatazama juu. Mjazaji, kwa nia njema kabisa, anaweka kozi anazoziweka kwa kila mtu. Hapo maisha ya miaka mitatu au minne yameamuliwa kwa dakika mbili, foleni ikiwa imefika barazani.

Na mara nyingi kijana mwenyewe hata hayupo. Mwezi Mei anamaliza mtihani, na muda mfupi baadaye anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Matokeo yanapotoka yeye yuko Ruvu, Mafinga, Makutupora au Bulombora, anaamka alfajiri kwa kwata na simu haiko mkononi. JKT ina mema yake na siyagusi. Nasema tu kwamba ratiba hizi mbili za taifa zimekaa moja juu ya nyingine, na dirisha la udahili linafunguliwa wakati ambao mwenye kuomba ndiye mgumu kumpata kuliko watu wote. Anayeomba ni baba, au kaka, au shangazi aliyeachiwa namba ya mtihani kwenye kipande cha karatasi. Shangazi ataomba chuo gani? Kile anachokijua.

Angeweza kusoma mwongozo wa TCU. Ni kazi nzuri, na nawasihi wazazi waupakue ingawa ni mrefu. Kwa kila kozi ya kila chuo unaonyesha masomo yanayotakiwa, kiwango cha chini cha alama, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Upo wa wenye kidato cha sita na upo wa wenye stashahada. Tatizo ni kwamba umeandikwa kwa Kiingereza. Matangazo ya TCU kwa umma hutoka kwa Kiswahili safi: dirisha limefunguliwa, dirisha limefungwa, waliochaguliwa wathibitishe. Lakini kitabu chenyewe, ambamo uamuzi unafanyika, mama wa Tandahimba hawezi kukisoma. Tunamwambia kwa lugha yake kwamba saa imefika, halafu tunamwekea ramani kwa lugha nyingine.

Kurasa za mwongozo huo zina thamani kubwa kwangu, kwa sababu ukurasa wa chuo kidogo husomeka tofauti na wa chuo kikubwa. Orodha ni fupi. Kozi zake zinaonyesha chuo kilizaliwa kwa ajili ya nini. Nichukue Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Chuo hiki kilianza mwaka 1963, nchi ikiwa na umri wa chini ya miaka miwili, kama Chuo cha Ushirika. Hakikuangukia Moshi kwa bahati. Wakulima wa kahawa wa mlima Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu kilichokusanya vyama vya msingi vya vijijini na kuuza kahawa yao kwa pamoja. Serikali mpya iliutazama ushirika kama njia ya mkulima mdogo kupata bei na sauti, na ikataka watu wa kutunza vitabu vya hesabu, kupima mazao, kuendesha mikutano na kujua sheria. Moshi palikuwa na mfano hai nje ya dirisha la darasa.

Chuo kimepita kwenye misukosuko. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na ni sheria ya mwaka 1982 iliyovirudisha. Fikiria chuo kinachofundisha ushirika wakati vyama vyake vikuu vimefutwa. Kilidumu. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka 2014 kikasimama chenyewe kama chuo kikuu kamili. Kina tawi Kizumbi, Shinyanga, katikati ya nchi ya pamba. Kozi zake za shahada ni za usimamizi na uhasibu wa ushirika, fedha, mikopo midogo na ujasiriamali, maendeleo ya jamii, ununuzi na ugavi, rasilimali watu, teknolojia ya habari kwa biashara, na sheria. Hakuna udaktari wala uhandisi wa ndege. Ukubwa wake hauukaribii wa Dodoma, chuo kilichopangwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi 40,000.

Sasa mrudishe akilini mtoto wa Tandahimba. Nyumbani kwao korosho haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja. Inapelekwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inapokelewa ghalani, inauzwa kwa mnada, na malipo yanarudi kwa mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho za Mtwara mwaka 2007, na tangu hapo kila msimu fedha nyingi za wakulima hupita mikononi mwa vyama vya msingi ambavyo uimara wao unategemea kitu kimoja: kama kuna mtu anayejua kutunza hesabu na kuzisoma mbele ya mkutano. Baba yake amewahi kukaa miezi akisubiri malipo. Mjomba wake amekuwa mjumbe wa bodi ya chama bila kujua mizania inasomwaje. Mtoto huyo anapokwenda Moshi kusomea usimamizi na uhasibu wa ushirika, anakwenda kusomea jambo ambalo familia yake inalijua kwa maumivu. Akimaliza, sekta anayoisomea haikosi milango: vyama vyenyewe, SACCOS, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, COASCO inayokagua vitabu vya vyama, ofisi za ushirika za halmashauri, na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025. Sisemi ajira zinamsubiri. Hakuna chuo kinachoweza kuahidi hilo leo. Nasema anakwenda na swali lake mwenyewe, na mwanafunzi mwenye swali lake husoma tofauti na yule aliyepelekwa na foleni.

Kijana huyohuyo, akijazwa "Uhasibu, Mlimani" kama chaguo la kwanza na Moshi kama la tano, atashindana na wenye A na B wa nchi nzima. Akikosa, atafika Moshi kama aliyeanguka. Ataingia darasani akiwa na aibu, na aibu hiyo itamla mwaka mzima wa kwanza. Ni chuo kilekile na mhadhiri yuleyule. Tofauti imetokana na mpangilio wa fomu.

Moshi si pekee. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, na mizizi hiyo ya karakana ni jambo la kuulizia kwa anayetaka uhandisi wa kushika chuma. Mkwawa, Iringa, kilitwaa majengo ya shule ya sekondari yenye jina hilo mwaka 2005 na kuwa chuo kishiriki cha Dar es Salaam, kazi yake kubwa ikiwa kufundisha walimu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kimeichukua ndani yake TAKILUKI, taasisi iliyowafundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi. Anayetaka kusomea lugha hii mahali inapozungumzwa tangu enzi na enzi, ana sababu ya kukitanguliza. Na tusisahau kwamba jina kubwa kuliko yote lilianza dogo. Chuo cha Dar es Salaam kilifungua mlango Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika ishirini.

Udogo, hata hivyo, si urahisi. Muhimbili ni chuo kidogo kwa idadi ya wanafunzi, na nafasi zake za udaktari hugombewa na vichwa vikali vya PCB kutoka kila mkoa. Kozi yenye nafasi chache katika chuo kidogo inaweza kuwa ngumu kuliko kozi pana katika chuo kikubwa. Ndiyo maana nasisitiza ukurasa ule wa mwongozo: tazama masomo, tazama alama, tazama idadi ya nafasi. Kozi nyingi za uhasibu, uchumi na biashara hutazama pia Hisabati ya kidato cha nne kwa asiyesoma hesabu kidato cha tano na sita. Mtu anaweza kuwa na B mbili za HGE na bado akakwama kwa F ya miaka miwili nyuma ambayo alidhani ameshaizika.

Chuo kidogo kina upungufu wake pia, na asiyeambiwa mapema atahisi amedanganywa. Ukibadili mawazo baada ya mwaka wa kwanza, pa kuhamia ndani ya chuo ni pachache. Anayeota kufanya kazi kwenye vyombo vya habari vikubwa au makampuni ya Posta na Masaki atakuwa mbali na mahali watu wanapofahamiana. Wapo pia vijana wanaohitaji mji mkubwa ili wafunguke akili, na wakipelekwa mji mdogo husinyaa. Mzazi anamjua mwanawe. Asimpeleke mkoani kwa sababu ya kuogopa Dar es Salaam tu.

Lakini kwa wengi fedha ndiyo itakayoamua, na hapo mji mdogo una la kusema. Ada ya shahada nyingi za sanaa na biashara katika vyuo vya umma huzunguka kwenye shilingi milioni moja hadi moja na nusu kwa mwaka, hivyo tofauti kubwa kati ya chuo na chuo haiko kwenye ada. Iko kwenye chumba, chakula na nauli. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Bumu hilo ni lilelile uwe Dar es Salaam au Moshi. Anayepanga Sinza au Changanyikeni anajua linavyoyeyuka kwenye kodi ya chumba. Anayepanga Pasua au Majengo, Moshi, bado anabakiwa na kitu cha kununulia kitabu. Kwa familia ambayo haitaweza kutuma fedha kila mwezi, hii si hoja ndogo. Inaweza kuwa tofauti ya kumaliza na kukatisha.

Mkopo wenyewe ni maombi mengine kabisa, na wengi hawalijui hilo hadi wamechelewa. Kuchaguliwa chuo hakukupi mkopo. Bodi ina mfumo wake, ada yake ya maombi ya shilingi 30,000, fomu zake za kusainiwa na mdhamini na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na viambatanisho vinavyothibitisha hali ya nyumbani: cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, uthibitisho wa TASAF kwa kaya iliyo kwenye mpango. Namba ya mtihani ya kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akitumia moja hapa na nyingine kule, mifumo miwili itamwona kama watu wawili. Na mzazi amwambie mwanawe mapema kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi aumalize.

Yule mwenye D moja na E mbili naye ana njia. Anaweza kusoma stashahada, na akimaliza na GPA isiyopungua 3.0, huku kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ataomba shahada akiwa na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET. Chuo cha Ushirika chenyewe hufundisha stashahada na astashahada pamoja na shahada, kwa hiyo mtu anaweza kuingia kwa mlango wa chini na kupanda ngazi mahali palepale, kwa walimu walewale. Wapo pia wanaopitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Miaka itaongezeka, hilo ni kweli. Lakini mara nyingi nimeona anayetoka stashahada akifika mwaka wa kwanza wa shahada na kuwa ndiye anayeelekeza wenzake, kwa sababu vitabu vya hesabu ameshavishika kwa mikono.

Awamu ya kwanza ya udahili ikifungwa, hufuata ya pili, na miaka mingine ya tatu. Vyuo hutangaza kozi zenye nafasi zilizobaki, na hapo majina ya vyuo vidogo huonekana kwa wingi. Watu huzisoma orodha hizo kama mabaki ya sokoni jioni. Mimi nawashauri wazisome kwa umakini uleule wa awamu ya kwanza, kwa sababu kozi kubaki na nafasi mara nyingi kunaonyesha tu kwamba haijulikani. Usimamizi wa ushirika haujulikani kwa mtoto ambaye hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba ile AMCOS ya kijijini kwao inahitaji msomi.

Na hapo lazima niviseme vyuo vyenyewe. Kila Julai, TCU huandaa maonyesho ya elimu ya juu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Vyuo vinapanga meza, vijana wa Ilala na Temeke wanakuja kwa daladala, wanauliza, wanasaidiwa kujaza papo hapo. Ni jambo zuri kwa wa Dar es Salaam. Kijana aliyemaliza Ndanda, Tabora Boys au Msalato hayupo pale. Yuko kambini au kijijini, na meza ya Moshi au Mbeya haitamfikia. Chuo kikubwa kinaweza kumudu kungoja waombaji wakifuate. Chuo kidogo kikingoja, kitapewa waliokikimbilia baada ya kukosa kwingine.

Mahali pa kumkuta kijana ni shuleni, Februari na Machi, kabla ya mtihani wa Mei, wakati bado yuko na wenzake na walimu wake, fomu haijafunguliwa na hakuna foleni mgongoni. Wahadhiri wawili, basi la mkoani, na vijitabu vya kurasa nane vya Kiswahili vinavyotaja kozi, masomo yanayotakiwa, idadi ya nafasi, ada, na hesabu ya alama ikiwa na mifano mitano ya matokeo ya kweli ya daraja la tatu. Wakae saa mbili wajibu maswali. Nakala moja ibaki kwa mwalimu wa taaluma, na kila mwanafunzi apewe yake aende nayo nyumbani likizo ya Pasaka, ili Julai shangazi atakapokwenda steshenari awe na karatasi mkononi, chaguo la kwanza likiwa limeshaandikwa kwa mwandiko wa mwenye kuomba, na chini yake namba ya simu ambayo ujumbe wa TCU ukiingia utasomwa na mtu wa nyumba ile.